Deolindo na Mlango wa Mbele

Jumapili moja mchana, mwaka 1934, mtaa mzima ulihamia sinema ya Madureira, pembezoni mwa Rio de Janeiro, kumtazama Deolindo Quaresma. Watu walivaa nguo za kanisani. Mama yake, Bibi Firmina, alikaa safu ya tatu, katikati kabisa, kofia kichwani, mikono juu ya mapaja, ametulia tuli kama anayepigwa picha. Kwani ni lini mtu mweusi wa kwetu, mpagazi wa stesheni ya treni, mtoto wa mfua nguo, aliwahi kuonekana kwenye kile kitambaa cheupe?

Basi akaonekana. Aliingia kwa mlango wa jikoni, pekupeku, kabeba sanduku kubwa kuliko yeye. "Masizi!" bwana wa kwenye filamu akamwita. "Weka chini, mpumbavu we!" Masizi akaweka, sanduku likamwangukia bwana mguuni, bwana akamlipa teke la makalio, na Masizi akatimka kwa mlango uleule wa jikoni. Dakika moja na nusu, imekwisha. Sinema nzima ilicheka mpaka viti vikalia, maana tuseme ukweli, Deolindo alikuwa na kipaji cha kuanguka. Hata lile teke alilipokea kwa namna yake, macho yamemtoka pima, shingo imerefuka, mtu hujizuii.

Bibi Firmina hakucheka. Aliinuka, akaiweka sawa kofia yake, akapita mbele ya magoti ya watu akisema "samahani, samahani," akatoka.

Ukitaka kujua kwa nini, ujue kwanza kwamba Bibi Firmina alifulia nyumba za matajiri wa Botafogo tangu ana miaka kumi na miwili, na mlango wa jikoni aliujua kuliko alivyoujua wa nyumbani kwake. Alipokufa bibi mmoja aliyemfulia miaka ishirini na sita, alikwenda kumlilia, amevaa nyeusi, ua mkononi. Wakamwambia azunguke nyuma. Akazunguka. Alimlilia marehemu wake kando ya masufuria, huku wapishi wakimwomba asogee kidogo wapate kupita. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Jumapili iliyofuata alipanda treni mpaka Penha. Kanisa la Bikira Maria, Mama wa Penha, liko juu ya jabali, na ngazi zake ni mia tatu themanini na mbili. Alizipanda zote kwa magoti. Huko juu akaweka nadhiri: hatatia tena mguu ndani ya sinema mpaka mwanawe aingie kwa mlango wa mbele, amevaa viatu, na aitwe kwa jina la mtu na jina la ukoo. Alirudi nyumbani magoti yamechubuka, akamkuta Deolindo anakunywa kahawa.

"Baraka, mama," alisema Deolindo.

"Mungu akubariki. Nimeweka nadhiri."

Akamwambia. Deolindo alitaka kucheka, akaona yale magoti, akakiweka kikombe chini.

"Lakini mama, filamu siandiki mimi!"

"Sikukuuliza nani anaandika."

"Sasa huo mlango wa mbele nitautoa wapi?"

"Kautafute."

Ahadi ni deni, na nadhiri ni deni lisilosamehewa na mtu. Padre wa parokia, mtu mwema, alimwambia Bibi Firmina kwamba ile nadhiri inaweza kubadilishwa. Atoe mishumaa, asali novena ya siku tisa, mambo yaishe. "Padre," alijibu, "nilimwahidi Mama wa Penha. Wewe sikukuahidi kitu." Majirani wakamfanyia mzaha mpaka wakachoka wenyewe.

Deolindo naye akaendelea, angefanyaje? Aliacha kupakua mizigo, studio ikawa inamwita kila mwaka, mara mbili, mara tatu. Watu wa siku hizi hawajui. Kabla yake, mweusi wa kwenye filamu alikuwa mzungu aliyejipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa. Deolindo ndiye aliyewafanya wavitupe vile vizibo. Jina lake lilikuwa la kwanza la mtu wa rangi yetu kuandikwa kwenye bango, chini kabisa, herufi za kusoma kwa kukodoa macho, lakini liliandikwa. Vijana wa Madureira na Cascadura walioingia studio baadaye walipita kwenye nafasi aliyoipanua yeye kwa mabega. Na wapo wanaomsimanga leo kwamba alicheza ujinga! Ningependa niwaone wao wakipigwa teke mara thelathini mbele ya nchi nzima, kisha warudi kesho yake kazini wanatabasamu.

Maana ujinga ulikuwapo, hilo halifichiki. Filamu thelathini na moja. Katika hizo aliitwa Masizi, akaitwa Moshi, akaitwa Mkaa. Alipiga deki, alipiga viatu rangi, aliiba kuku, mara mbili aliliwa na mamba. Na kila mara, bila kukosa, aliingia kwa mlango wa jikoni.

Kila filamu ilipofika Madureira, Zulmira, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikwenda kuitazama, halafu akaja kumsimulia Bibi Firmina huku wanachagua maharagwe. Zulmira alikuwa msimuliaji hasa, anainuka, anaigiza, anaanguka sakafuni. Bibi Firmina alikuwa na swali moja tu.

"Aliingilia wapi?"

"Jikoni, Bibi."

"Haya. Chagua maharagwe."

Deolindo alikuwa akiyasikia hayo kutoka kwenye benchi la uani, na yalimuuma. Rio ilimcheka, Bahia ilimcheka, watu walimsimamisha kwenye treni wamshike mkono. Mtu mmoja tu katika nchi ile hakumtazama tena, na ndiye mtu aliyemtaka amwone. Siku nyingine alimkasirikia mama yake kabisa. Mlango ule wa jikoni si ndio uliowaezekea nyumba vigae? Mbona anauhukumu? Lakini hakumwambia. Mwanamke aliyepanda ngazi za Penha kwa magoti kwa ajili yako, utaanzia wapi kumwambia?

Mwaka 1940 akafanya kosa. Alimwambia mama yake kwamba safari hii amecheza ofisa wa jeshi, buti, kofia, mlango wa mbele, kila kitu. Alitaka tu amfungue ile nadhiri, mama aingie, aone, yaishe. Bibi Firmina akashusha sanduku la kofia juu ya kabati. Akapiga pasi gauni. Hapo Zulmira, aliyekwisha kuiona filamu mjini, akaingia na bakuli lake.

"Ofisa?" akasema. "Ofisa gani tena? Si alikuwa anampigia ofisa viatu rangi!"

Bibi Firmina akairudisha kofia sandukuni. Hakusema na mwanawe mpaka Pasaka ikapita. Na tangu hapo neno la Deolindo nyumbani mle lilikuwa kama kikombe kilichotoka mpini: kinatumika, lakini kwa kuangalia.

Ikafika 1952. Bibi Firmina ana miaka sabini na tisa, na mtoto wa jicho amekwisha kumla jicho la kushoto. Mganga wa hospitali alisema wazi kwamba upasuaji katika umri ule haujaribiwi, na lile la kulia halitafika Krismasi. Sasa hapo nadhiri haikuwa tena jambo la kutania. Kama Deolindo hatapata mlango wake mwaka huo, mama yake atazikwa bila kuiona sura ya mwanawe kwenye filamu hata moja, ukiacha ile ya teke.

Mwezi wa nne akaitwa na dairekta wa filamu, kijana, Otávio, mwenye miwani na haraka nyingi. "Deolindo, mzee wangu," alisema, "nina daktari. Daktari wa kweli, anamtibu mgonjwa, mgonjwa anapona. Nataka wewe." Deolindo aliyasoma yale makaratasi yote amesimama, akitafuta teke liko wapi. Hakuna. Ila daktari hakuwa na jina, ameandikwa "DAKTARI" tu.

"Anaitwaje?"

"Weka lolote."

Deolindo akaweka Honorato Quaresma, jina la baba yake, aliyekufa relini yeye akiwa tumboni.

Mlango wenyewe ulikuwa Flamengo, mtaa wa matajiri, jengo la ghorofa kumi linalotazama bahari. Daktari ashuke garini, apande vidaraja vitatu vya marumaru, avuke ukumbi mpaka kwenye lifti. Ruhusa ya jengo walikuwa nayo kwa maandishi. Deolindo akashuka: suti nyeupe, mkoba wa daktari, viatu vyeusi vinavyometameta. Akapanda. Bawabu akamwekea kiganja kifuani.

Bawabu alikuwa mweusi mwenzake, Abílio, koti la vifungo vya shaba mpaka kooni. "Masizi!" akapiga ukelele. "Yesu wangu, Masizi mwenyewe! Ndugu yangu, ile ya mamba nimeitazama mara nne!" Kisha akashusha sauti. "Lakini hapa hupiti, kaka. Zunguka ubavuni, kuna mlango wa watumishi."

"Wana ruhusa ya jengo."

"Ruhusa ya kamera na wazungu wake. Wewe hukuandikwa. Meneja yuko pale juu nyuma ya pazia, ananitazama. Mimi miaka tisa naufungua huu mlango, na nikilivua koti hili siupiti. Nina watoto wanne, usinitie matatani."

Otávio akaja mbio, akasikiliza nusu ya habari. "Basi tusipoteze jua! Ingia kwa huo wa ubavuni. Kamera nitaibana, watu wataona mlango tu. Mlango ni mlango, mzee wangu."

Sasa sikilizeni. Miaka kumi na minane Deolindo hakupata kusema hapana. Madairekta walimpendea hilo. Mwambie aanguke, anaanguka. Mwambie tena, anaanguka tena. Aliutazama ule mlango wa ubavuni, mapipa ya taka yamepangwa kando yake, akaona kila kitu: ua mkononi mwa mama yake, masufuria, wapishi wanaomwambia asogee. Akaketi kwenye kidaraja cha marumaru, mkoba mapajani.

"Siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Jikoni. Ndiko nilikotoka."

"Deolindo, naweza kumpa mwingine hii kazi leo hii. Wapo!"

"Mpe."

Alisema vile, lakini moyoni alikuwa akisema, basi, nimeharibu, mama hataona tena. Watu walikwisha kujaa. Wapiga viatu rangi walisimama na visanduku vyao, tramu ilipunguza mwendo, na kwenye madirisha ya jikoni ya ghorofa zote kumi walichomoza wapishi na yaya. Mmoja wao, Ercília, mpishi wa mjane wa jenerali pale ghorofa ya tatu, aliuliza kwa sauti ya sokoni:

"Kuna nini huko chini?"

"Daktari kazuiwa mlangoni!" akajibiwa na mpiga viatu rangi.

"Kwa nini?"

"Kwani humwoni alivyo?"

Ercília akamtazama. Akatoweka dirishani, akarudi na mwiko mkononi.

"Abílio! Abílio wee! Huyo daktari mbona hapandi? Bibi yangu ana kizunguzungu, kaita daktari tangu asubuhi!"

Abílio akainua uso. "Daktari yupi?"

"Kwani wako wangapi hapo? Huyo mwenye mkoba! Au unataka bibi anifie mikononi, nikamwambie meneja wewe ndiye uliyemzuia?"

Nyuma ya ule mlango kulikuwa na kanuni za jengo, zimewekwa kwenye fremu, na kanuni ya sita, aliyoitia sahihi meneja mwenyewe, ilisema kwamba daktari au padre aliyeitwa na mkazi apitishwe mbele, saa yoyote, bila kuulizwa. Abílio alikuwa akiifuta vumbi ile fremu kila Jumamosi kwa miaka tisa. Uso wake ukaanza kufunguka polepole.

"Ah! Ungesema mapema, bwana," alimwambia Deolindo. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akaufungua mlango pande zote mbili, na kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya pazia akauliza: "Jina la daktari?"

"Daktari Honorato Quaresma."

"Karibu, Daktari Honorato Quaresma. Lifti iko mkono wako wa kulia."

Deolindo akainuka, akapita. Madirishani wanawake walipiga vifuniko vya masufuria. Otávio haraka alikuwa nazo lakini mjinga hakuwa. Kamera ilikuwa inazunguka tangu Ercília alipoita. Na yule mjane wa jenerali alikuwa milimani Petrópolis tangu Ijumaa, mzima kama chuma.

Jioni ile Deolindo aliingia nyumbani na viatu vyake vya daktari bado miguuni.

"Baraka, mama."

"Mungu akubariki. Hivyo viatu vya nani?"

"Vyangu. Nimepita, mama. Mlango wa mbele. Flamengo."

Bibi Firmina alimgeuzia lile jicho la kulia, lililobaki.

"Hii mara ya pili nakuamini," alisema. "Nikidanganyika, Mama wa Penha atanisamehe mimi. Wewe sijui."

Filamu ilifika Madureira mwezi wa kumi, Jumapili, onyesho la mchana. Mtaa ukahamia tena, wale waliobaki na watoto wa waliokufa. Bibi Firmina aliketi safu ya kwanza kwa sababu ya jicho, kofia ileile, Deolindo kulia kwake, Zulmira kushoto. Safu ya pili alikuwa Abílio, aliyetoka Cascadura na mkewe na watoto wote wanne, amewaahidi watamwona baba yao akifungua mlango.

Taa zikazimika. Mgonjwa akaonekana kitandani anatweta. Halafu akaonekana daktari, tayari ameinama, anampima moyo. Gari hapana, marumaru hapana, mlango hapana. Huko studio mtu mwenye mkasi alikwisha kupita. Sababu tulizisikia baadaye, mara filamu ilikuwa ndefu, mara nini. Mimi sababu zao sizitaki.

"Ameingilia wapi?" aliuliza Bibi Firmina, kwa ile sauti ya kuchagulia maharagwe.

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mlango wa mbele, Bibi!" Wengine wakadakia, "Wa mbele! Tumemwona!" Sinema nzima ikawa inadanganya kwa mapenzi tu, watu wazima na akili zao.

"Yanayokufa ni macho, si akili," alisema Bibi Firmina. "Zulmira?"

Masikini Zulmira, kumdanganya yule mama hakuweza hata siku moja. "Hajaingia, Bibi," alisema, analia. "Tumemkuta ndani tu."

Bibi Firmina akaishika kofia yake, akainuka. Deolindo akapiga magoti palepale sakafuni, mbele ya watu.

"Mama, naapa kwa baba. Nilipita. Wamekikata kile kipande!"

"Na yule ofisa," alisema mama yake, "naye walimkata?"

 Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile mtu alikuwa anasema kweli na njia ilikuwa imemfungikia vilevile. Bibi Firmina akaanza kupita mbele ya magoti ya watu, "samahani, samahani," mkono mbele anapapasa.

Mkono ule ukashikwa. Abílio alikuwa ameruka kiti.

"Bibi, unisamehe. Mimi ndiye bawabu wa Flamengo. Kipande walichokikata nami nimo."

"Bawabu?"

"Niliufungua kwa mkono huu ulioushika. Pande zote mbili."

"Ulimwitaje?"

"Daktari Honorato Quaresma. Kwa sauti, meneja asikie."

Jina lile Bibi Firmina hakulisikia kinywani mwa mgeni tangu siku ya mazishi. "Miguuni alivaa nini?"

"Viatu vyeusi, Bibi. Ungeweza kujitazama humo."

Aliugeuza mkono wa Abílio, akakipapasa kiganja kwa vidole vyake vya sabuni na soda, mpaka akaifikia sugu iliyochongwa na mpini wa shaba wa mlango kwa miaka tisa. 

"Na wewe mwenyewe, baba, unapita wapi?"

"Ubavuni, Bibi."

"Haya," alisema Bibi Firmina. Hakuuachia mkono. Akamvuta Abílio mpaka safu ya kwanza, Zulmira akasogea, akamketisha kando yake. Mwanawe alikuwa bado kapiga magoti.

"Inuka, suti hiyo. Nimekuita mwongo mbele za watu na ulisema kweli. Nisamehe."

"Mama, yaishe."

"Yaishe vipi, na kwa haya maneno filamu imenipita kipande kizima? Mwambieni yule wa mashine aanze mwanzo. Nimengoja miaka kumi na minane."

"Mwanzo!" Zulmira akapiga kelele. "Mwanzo!" sinema yote ikaitikia, miguu inapiga sakafu, mpaka taa zikawaka na mwendesha mashine akatoa kichwa kwenye kidirisha chake kuona kama kuna moto.

Walipokuwa wanangoja, Bibi Firmina aliivua kofia, akaiweka mapajani.

"Ile ya mamba bado wanayo?" aliuliza.

"Wanayo, mama."

"Na ile ya sanduku? Ya teke?"

"Ile ya zamani sana. Labda. Kwani yale ya jikoni utayataka?"

"Nadhiri imekwisha. Nayataka yote, kabla ya Krismasi." Akamtafuta mwanawe kwa mkono, akamshika goti. "Siku ile nilibana meno, Deolindo, ndiyo maana nikatoka. Nilikuwa karibu kucheka. Ulianguka vizuri mno, mwanangu."

Taa zikazimika, na filamu ikaanza upya.